Kuchagua Kasha la Kompyuta ya Mezani Lisilo na Nafasi ya CD



Mkazi wa Kyela anayekwenda Mbeya mjini kununua kompyuta ya mezani husafiri zaidi ya kilomita 100 kila upande. Akifika nyumbani na kugundua kuwa alichonunua hakimfai, kukirudisha humgharimu nauli nyingine na siku nyingine ya kazi. Aliyeagiza mzigo wake Dar es Salaam hana hata nafuu hiyo. Kwa hiyo ukaguzi wenye faida ni ule unaofanyika kabla ya kulipa.

Somo hili linahusu jambo moja ambalo wanunuzi hukutana nalo dukani bila kutarajia: makasha mengi ya kompyuta yanayotengenezwa siku hizi hayana mahali pa kuweka kiendeshi cha CD na DVD. Wapo wanunuzi wanaodhani wameuziwa kitu pungufu. Wapo pia wanaoambiwa kwamba CD zimepitwa na wakati, hivyo hawana haja ya kuuliza zaidi. Tunakushauri usikubali kauli yoyote kati ya hizo mbili kabla ya kupima mahitaji yako mwenyewe. Kukosekana kwa nafasi hiyo si kasoro. Kunageuka kuwa hasara pale mnunuzi anapofichwa jambo hilo, au anapoiondoa kompyuta ya zamani nyumbani kabla ya kunakili kumbukumbu zilizomo kwenye diski zake.

Baada ya kusoma somo hili utaweza: (a) kueleza kwa nini nafasi ya CD imeondolewa, (b) kuamua kama wewe binafsi unaihitaji, (c) kukagua kasha kwa kuzingatia joto, unyevu na wadudu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, na (d) kudai haki yako endapo maelezo ya muuzaji hayakuwa ya kweli.

1. Kasha ni nini?

Kasha ni lile sanduku la bati na plastiki linalobeba viungo vyote vya kompyuta ya mezani isipokuwa kioo, kibodi na kipanya. Wengi wetu huliita sipiyu. Kwa kweli sipiyu ni kichakataji, kipande kidogo kilicho juu ya ubao mkuu ndani ya kasha. Tofauti hii ina maana kwenye bei. Ukimwambia muuzaji kwamba unataka "sipiyu mpya", yeye anaweza kukupa bei ya kompyuta nzima, ya kichakataji peke yake, au ya kasha tupu. Taja unachotaka kwa ukamilifu: "Nahitaji kasha tupu," au "Nahitaji kasha lenye viungo vyote ndani."

Nafasi ya CD ni pango lililo upande wa mbele wa kasha, kwa kawaida sehemu ya juu. Mafundi huiita nafasi ya inchi 5.25. Mdomo wake una upana wa takriban sentimita 15 na kimo cha zaidi kidogo ya sentimita 4. Kasha la zamani lingeweza kuwa na nafasi mbili, tatu au zaidi za aina hiyo.

2. Kwa nini nafasi hiyo imeondolewa?

CD ilianza kuuzwa mwaka 1982 kwa ajili ya muziki, na baadaye ikawa chombo cha kubebea programu na picha. CD moja hubeba takriban MB 700, na DVD ya kawaida yenye tabaka moja hubeba GB 4.7. Leo flashi ndogo ya GB 32 hubeba yaliyomo kwenye DVD sita zilizojaa, na bado nafasi hubaki. Programu ya Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, husakinishwa kwa flashi yenye GB 8 au zaidi, na programu nyingine nyingi hupakuliwa kwenye intaneti. Kwa hiyo watengenezaji waliondoa pango la CD na kuitumia sehemu ya mbele ya kasha kwa feni za kuingiza hewa. Feni hizo huwa za milimita 120 au 140.

Hapo ndipo pa kuanzia ukaguzi wako. Kama nafasi ya CD imeondolewa ili hewa ipite vizuri, umepata badala yenye thamani. Kama imeondolewa na mahali pake pakazibwa kwa kioo au plastiki isiyo na tundu, umepoteza nafasi na hukupata hewa.

3. Hatua ya kwanza: hesabu diski zako

Kabla ya kwenda dukani, toa diski zote zilizomo nyumbani, ofisini au kanisani na uzipange katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni diski za programu, kama zile zinazokuja na printa. Hizi hazipaswi kukuamulia kasha. Programu za printa nyingi hupatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji wake. Lililo muhimu ni kuzipakua mapema, ukiwa na bando la kutosha, na kuzihifadhi kwenye flashi.

Fungu la pili ni filamu na muziki ulionunua. Diski hizi unaweza kuendelea kuzitazama kwa deki ya DVD iliyounganishwa na televisheni. Nazo hazihitaji kasha lenye nafasi ya CD.

Fungu la tatu ndilo lenye uzito: diski za harusi, za mazishi, za ubatizo na kipaimara, za kwaya, pamoja na kumbukumbu za vikundi na ofisi. Mara nyingi diski hizi zilichomwa na fundi wa video, na nakala yake nyingine haipo popote. Diski iliyochomwa huhifadhi taarifa kwenye tabaka la rangi ambalo huharibika taratibu kwa joto, mwanga na unyevu, na hakuna mtu wa mwambao huu asiyejua joto na unyevu. Diski ambayo mwaka huu inakwama mara moja, mwaka ujao inaweza isifunguke kabisa. Ikiwa sauti ya mzazi aliyefariki imo kwenye diski hiyo peke yake, hakuna duka litakalokuuzia nyingine.

Kwa hiyo, nakili fungu la tatu kabla ya kuiuza, kuigawa au kuitupa kompyuta yako ya zamani. Kwa DVD ya video, nakili folda yote iitwayo VIDEO_TS, si faili moja tu ndani yake. Fungua nakala na uitazame mwanzo, katikati na mwisho. Tengeneza nakala mbili, moja ikae ndani ya kompyuta na nyingine kwenye diski ya nje au flashi inayohifadhiwa katika nyumba tofauti. Maji ya mafuriko au mwizi akiingia nyumba moja, kumbukumbu zitabaki katika nyumba ya pili.

4. Hatua ya pili: amua njia ya kusomea diski

Ukimaliza kuhesabu, utajikuta katika mojawapo ya hali tatu.

Kwanza, huna diski, au umekwisha kuzinakili zote. Kasha lisilo na nafasi ya CD linakufaa bila nyongeza yoyote.

Pili, unahitaji kusoma diski mara moja moja. Nunua kiendeshi cha nje kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Kinaweza kutumiwa na kompyuta zaidi ya moja, hata ya jirani, na kikiharibika hakilazimishi kufungua kasha. Kijaribu dukani kwa diski yako mwenyewe, kwa kuwa vingine husoma diski ya kiwandani na kushindwa iliyochomwa. Angalia pia kama waya wake una vichwa viwili vya USB. Maana yake ni kwamba tundu moja huenda lisitoshe kukipa umeme, na utahitaji matundu mawili yaliyo karibu.

Wapo wanaotarajia kutumia kiendeshi kikubwa walichokitoa kwenye kompyuta ya zamani. Hilo linawezekana, lakini kiendeshi hicho hakipati umeme wa kutosha kutoka kwenye tundu la USB. Kinahitaji kiunganishi maalumu chenye chaja yake. Linganisha bei ya kiunganishi hicho na ya kiendeshi kipya cha nje kabla ya kuamua.

Tatu, kuchoma au kusoma diski ni sehemu ya kazi yako ya kila siku, kama ilivyo kwa baadhi ya maduka ya steshenari na mafundi wa video. Usishawishike kununua kasha lisilo na nafasi kwa sababu ya mwonekano wake. Makasha yenye nafasi moja au zaidi bado yanatengenezwa. Uliza, subiri, na agiza.

5. Hatua ya tatu: kagua kasha kwa mazingira ya Kyela

Ushauri mwingi kuhusu makasha umeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi na vyumba vilivyofungwa. Kyela ipo chini ya milima, kwenye tambarare yenye joto kando ya ziwa, na ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini. Zingatia mambo manne.

Hewa na wadudu. Sote tunawajua kungu, wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya ziwa kama wingu la moshi na kusukumwa na upepo hadi nchi kavu, ambao wapo wanaowakusanya na kuwala. Usiku hufuata mwanga wa taa. Feni ya kompyuta iliyowashwa huwavuta ndani, wakafia kwenye mapezi ya kipoza joto na kuzuia hewa. Vumbi la pumba karibu na mashine za kukoboa mpunga hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo chagua kasha lenye wavu upande wa mbele na chujio linalochomoka bila kutumia bisibisi. Lichomoe mbele ya muuzaji na ulirudishe. Likihitaji nguvu nyingi dukani, nyumbani hutalisafisha. Nyumbani, lioshe kwa maji, likauke kabisa, ndipo ulirudishe. Ikiwezekana, feni za kuingiza hewa zilizo nyuma ya chujio ziwe nyingi kuliko za kutoa, ili hewa isukumwe nje kupitia mianya midogo badala ya vumbi kuvutwa ndani.

Unyevu na kutu. Chungulia kingo za bati na matundu ya skrubu. Sehemu iliyokatwa baada ya kupakwa rangi hubaki wazi na hushika kutu mapema. Bonyeza ubavu wa kasha kwa kiganja. Bati jembamba hubonyea na baadaye hutetemeka feni zinapozunguka. Kasha liwekwe juu ya meza au kichanja imara, kamwe lisiwekwe sakafuni katika nyumba zinazofikiwa na maji ya Songwe, Kiwira, Mbaka au Lufilyo msimu wa masika.

Vipimo. Kasha lazima lilingane na ubao mkuu. Ubao wa ATX una sentimita 30.5 kwa 24.4, Micro-ATX una 24.4 kwa 24.4, na Mini-ITX una 17 kwa 17. Kasha kubwa hupokea ubao mdogo, lakini dogo halipokei mkubwa. Kama unahamisha viungo vya kompyuta yako ya zamani, pima ubao wako kwa rula kabla ya safari, au mpelekee fundi. Kumbuka kuwa baadhi ya kompyuta za ofisi zina ubao na kikasha cha umeme vya umbo lake zenyewe, visivyoingia kwenye kasha jingine lolote. Angalia pia matundu ya USB ya mbele: waya wake wa ndani uwe na mahali pa kuchomekwa kwenye ubao wako, la sivyo matundu hayo yatabaki pambo.

Umeme. Makasha mengine huuzwa pamoja na kikasha cha umeme, mengine bila. Uliza, kwani kasha linaloonekana la bei nafuu linaweza kukudai ununuzi wa pili. Vikasha vya zamani vina swichi ndogo nyuma yenye alama 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Swichi ikiwa kwenye 115, kompyuta inaweza kuungua mara tu inapowashwa. Hakikisha plagi ina pini tatu na soketi ya nyumbani ina waya wa ardhi. Kasha la bati lisilo na waya wa ardhi linaweza kumpiga shoti mtumiaji.

6. Kompyuta zilizokwisha kutumika

Wengi wetu hununua kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini ng'ambo. Baadhi zina pango la CD lakini kiendeshi kimetolewa, na mahali pake pamebaki wazi. Muuzaji anaweza kusema kwamba hilo si tatizo. Ni tatizo: pango lililo wazi ni njia ya mende, mjusi, panya na kungu, na hewa inayoingia hapo haipiti kwenye chujio. Dai kizibo cha mbele, na vilevile vizibo vya mianya ya nyuma. Kama kiendeshi kipo, usiridhike kuona mlango wake ukifunguka. Ingiza diski na uisome.

7. Kuusafirisha mzigo

Kasha lenye ubavu wa kioo hupendeza dukani, lakini barabara ya kuteremka kutoka Tukuyu ina kona nyingi, na mzigo wa basi hupangwa juu ya mzigo mwingine. Kwa safari ya namna hiyo, ubavu wa bati ni salama zaidi. Ukichagua kioo, kisafirishwe ndani ya boksi na maboya yake, na ulifungue mbele ya mkabidhi mzigo.

Jambo la pili hujulikana na wachache. Mbeya ni mji wa baridi, hasa Juni na Julai. Bati lililopoa huko likifunuliwa katika hewa ya joto na unyevu ya Kyela, matone madogo ya maji huweza kujishika juu yake, kama yanavyojishika kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ufikapo nyumbani, acha boksi likiwa limefungwa kwa saa kadhaa, ikiwezekana hadi asubuhi, kisha lifungue, kagua kama pakavu, ndipo uwashe.

8. Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji kuhusu bidhaa, ikiwa ni pamoja na kusema kwamba kitu kilichotumika ni kipya. Ukiambiwa kasha "lina sehemu ya CD" na halina, au kwamba kikasha cha umeme ni kipya na si kipya, umepotoshwa.

Ili uweze kudai, hifadhi ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dai risiti ya mashine ya EFD. Muuzaji anawajibika kuitoa, na wewe unawajibika kuidai. Mwombe aandike kwenye risiti au kwenye karatasi yenye muhuri wa duka: jina na aina ya kasha, kama lina nafasi ya CD au halina, kama lina kikasha cha umeme, kama ni jipya au limetumika, na muda wa dhamana. Ukiagiza kwa simu, hifadhi ujumbe wote na picha ulizotumiwa. Kasoro ikitokea, anza na muuzaji kwa maandishi, ukieleza unachotaka: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Asipotekeleza, wasilisha malalamiko yako Tume ya Ushindani, ukiambatisha nakala na kubaki na nyaraka halisi.

9. Mifano mitatu ya kujifunzia

Mwalimu wa sekondari Ipinda anaandaa mitihani na kuhifadhi alama. Diski zake ni mbili za printa. Huyu apakue programu za printa, anunue kasha dogo la wavu lisilo na nafasi ya CD, na fedha atakayookoa aielekeze kwenye UPS.

Mwenye steshenari karibu na stendi ya Kyela huchomea kwaya na familia diski kila wiki. Kwake nafasi ya CD ni chombo cha kazi. Atafute kasha lenye nafasi hiyo, lakini lenye chujio la mbele, kwa kuwa duka lake liko wazi kwa vumbi kutwa nzima.

Katibu wa kwaya huko Matema ana diski ishirini za nyimbo za miaka mingi, na kompyuta ya zamani inayokaribia kufa. Asikimbilie dukani. Kwanza azinakili diski zote kwa kompyuta hiyohiyo wakati ingali inawaka. Kisha anunue kasha lisilo na nafasi ya CD pamoja na kiendeshi kimoja cha nje, ambacho kitakuwa mali ya kwaya nzima.

10. Maswali ya kujipima

Jibu maswali haya kwa maandishi, na uende nayo dukani.

(a) Nina diski ngapi ambazo hazina nakala nyingine, na nani atazinakili kabla sijaiondoa kompyuta ya zamani?
(b) Nitasoma au kuchoma diski mara ngapi kwa mwezi?
(c) Ubao wangu mkuu una vipimo gani?
(d) Mbele ya kasha hili pana wavu na chujio linalochomoka, au pamezibwa?
(e) Kikasha cha umeme kimo, na swichi yake iko kwenye 230?
(f) Muuzaji ameandika nini kwenye risiti?

Ukiweza kujibu yote sita, nunua kwa utulivu. Ukishindwa hata moja, rudi nyumbani ukaulize, kwa maana kasha litaendelea kuwepo dukani kesho. Swali la (a) ndilo lisilongoja: lianze leo, kabla ya safari na kabla ya bei.